Fundi wa Kivuli na Nyanya ya Lusia

Wapwa zangu, na ninyi mnaojifanya si wapwa zangu ili msinisalimie barabarani, nina habari ambayo hamtaiamini. Najua hamtaiamini kwa sababu niliiona kwa macho yangu haya mawili, na bado kuna asubuhi naamka naikataa. Ni habari ya mtu aliyeijengea nyanya nyumba. Sisemi kwa mafumbo. Nyumba yenye nguzo, yenye pau, yenye paa la makuti lililolala sawasawa kama nywele zilizochanwa, na ndani yake hakulala mtu wala mbuzi. Ilikaa nyanya.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu Nikodemu, fundi wa kuezeka wa hapa Tingi. Alimwoa dada yangu Lusia, na mimi ndiye niliyemkubalia, ingawa yeye husema aliyekubali ni baba na kwamba mimi siku hiyo nilikuwa juu ya mkorosho wa jirani. Naandika haya nikiwa barazani kwake. Yeye yuko jikoni, kile kijumba cha udongo kilicho nyuma ya nyumba, namsikia akigongagonga kifuu. Kabla ya kwenda huko alinipa sharti moja.

"Shemeji Mikaeli, andika. Ila usiongeze chumvi."

Nikamwambia chumvi tumeimaliza kwenye chakula. Hakucheka. Basi niandike haraka kabla hajatoka.

Nikodemu ni mfupi, mkavu, mwenye mikono migumu kama hicho kifuu chake. Maneno anayatoa kwa shida. Ukimwuliza habari za asubuhi, anafikiri kwanza. Lakini mpe makuti na kamba, utaona mtu mwingine. Ameezeka nyumba kuanzia hapa hadi Somanga, na mara moja walimvusha hadi kisiwani Songo Songo akawaezekee wavuvi banda, akarudi akilalamika kwamba bahari imeachwa wazi mno. Tatizo lolote ukimpelekea, jibu lake ni kivuli. Kuku hatagi? Mwezekee. Mtoto analia? Mtoe juani. Mimi nilipougua malaria, wengine walikuja na uji, yeye akaja na mzigo wa makuti begani, akaniezekea upande wa dirisha. Nilipona, na hadi leo anaamini ni makuti. Siku hizi watu wanataka bati, kazi zimepungua, lakini hilo halijambadilisha. Akiona kitu kimekaa juani, mikono inamwasha.

Dada yangu Lusia alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye alipenda jua. Alipalilia kichwa wazi, saa ambazo hata mijusi imejificha. Na alikuwa na nyanya yake. Hakuipanda, iliota yenyewe pale nyuma ya bafu, panapotokea maji, na mwaka uliofuata ikaota tena, ndipo akaanza kuitunza. Nyanya ndogo, yenye mabonde ubavuni kama boga la kuchezea watoto. Aliiegemezea kijiti, akaiacha hapo hapo kwenye jua kali.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye habari. Watu wote hapa kwetu huchuma nyanya ikianza tu kubadilika rangi. Ikipiga wekundu kidogo kitakoni, basi, inaingia kwenye tenga lenye nyasi, inaivia humo. Ukingoja zaidi, ndege watakuwahi, na ndege wakichelewa tumbili watakuwahi, na tumbili wakichelewa mimi niko. Lusia hakufuata hayo. Aliiacha kwenye mche mpaka iwe nyekundu pande zote. Nikimwambia ndege watamaliza, ananijibu: "Wale tu. Zitakazobaki zitakuwa nyanya. Za kwenu ni maji yaliyovaa nguo."

Rimu ya lori iliyotundikwa kama kengele pale kanisani kigangoni ikigongwa saa sita mchana, Lusia alikwenda nyuma ya bafu, akashika tunda lililoiva vizuri, likamwachia mkononi bila kuvutwa. Akalipasua kwa kidole gumba, likiwa bado na moto wa jua. Chumvi kidogo. Nusu akala yeye, nusu akampa mume wake anayeshuka kutoka kwenye paa la watu. Nilipata kuonja mara kadhaa, kwa njia ambazo si lazima niwaeleze. Ilikuwa inakukunja taya kwanza, kisha inakuachia utamu nyuma ya ulimi, kama mtu aliyekutukana halafu akakukaribisha chakula. Nikodemu akiitafuna alikuwa anafumba jicho moja. Jicho la kulia. Na hapo ndipo pekee nilipopata kumwona akicheka.

Mbegu Lusia aliziweka ukutani. Alizikamua kwenye kifuu, akazichanganya na majivu, akazipaka kwa kidole kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, juu kidogo ya mafiga. Zikakauka hapo, moshi ukazilinda na wadudu. Mvua zikikaribia anakwangua kwa kisu anachohitaji. Wanawake wengi hapa hufanya hivyo, lakini dada yangu alikuwa hafuti ukuta. Kila msimu aliongeza, mpaka ukuta ukawa na madoa mengi kama chui.

Dada yangu aliugua wakati wa masika. Kabla ufuta haujavunwa tulikuwa tumeshamzika. Zikabaki nguo zake, ambazo tuligawana kama desturi inavyotaka, na yale madoa ukutani, kila doa na alama ya kidole chake.

Msimu uliofuata Nikodemu akakwangua mbegu, akapanda pale pale nyuma ya bafu. Mwaka huo jua lilikuwa baya kweli. Matunda ya kwanza yakaungua mabegani, yakatoka mabaka meupe. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mche, ameshika tunda lililoungua.

"Hizi ni za Lusia," akasema. "Haziwezi kuungua mikononi mwangu."

Mnajua tayari alichofanya. Kwa juma zima tulimsikia akisuka makuti, na alipomaliza, nyanya ikawa na nyumba. Nilimwuliza ameota nini. Akanijibu kwa maneno mengi kuliko aliyopata kunipa tangu aoe.

"Shemeji, mwali akiwekwa ndani, jua halimgusi. Siku ya kutolewa anang'aa mpaka mama yake hamtambui. Nyanya nayo ina ngozi. Kwa nini yeye tumwache nje?"

Nami nitasema nini? Nimecheza ngoma za kutoa mwali tangu sijaota ndevu. Niliona ana hoja. Kijiji kizima kiliona ana hoja, ingawa kilicheka. Wanawake wakipita na ndoo zao, Mwanahija jirani akiwa mbele yao, walipiga kelele: "Fundi! Mwali anatoka lini?" Naye, bila kugeuka: "Bado."

Ngozi ilikuja kweli, sisemi uongo. Nyanya zilitoka laini, hazina doa, utadhani zimepakwa mafuta ya nazi. Zikianza tu kubadilika rangi alizichuma, akaziweka kwenye tenga chini ya kitanda chake ziive kwa amani. Kisha siku moja, rimu ilipogongwa, akapasua moja kwa kidole gumba, akatia chumvi, akatafuna. Mimi nikamwangalia jicho la kulia.

Halikufumba.

"Siyo hiyo," akasema.

Nusu yake ya pili nikala mimi. Ilikuwa nyanya, siwezi kuisingizia. Lakini ilipita mdomoni kama mgeni asiyebisha hodi. Akagawa zote kwa majirani, na hapa sasa ndipo ukaidi wake ulipoanza kutuumiza: hakuweka mbegu hata moja. Nilimwambia, weka hizi, mwakani utapanda tena. Akakataa.

"Ukutani kwa Lusia siweki kitu ambacho si cha Lusia."

Kwa hiyo msimu uliofuata akarudi ukutani, akakwangua doa jingine la dada yangu. Akapanda, akaezeka, akachuma, akavundika, akaonja. Siyo hiyo. Akakwangua tena. Miaka ikaenda hivyo. Mimi sikuwa nazihesabu nyanya, nilikuwa naangalia ukuta. Kila nikienda kuomba moto wa sigara naona madoa yamepungua, na kila doa ni kidole cha dada yangu kinachoondoka.

"Shemeji, ukuta si ghala," nikamwambia siku moja.

"Najua."

"Ukiisha?"

Akaendelea kusuka kuti lake.

Niliamua kumwokoa kwa akili, kwa kuwa akili ninayo, hata kama shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wamekwisha kunieleza yote wanayoyajua. Nilikwenda Somanga, pale mabasi ya Lindi yanaposimama na kina mama wanakimbilia madirishani na beseni zao. Nikachagua nyanya nyekundu, yenye mabonde mabonde. Nikatafuta bomba jipya la sindano kwa mtu anayechoma mbuzi dawa. Nikakamua ndimu, nikaichoma ile nyanya taratibu mpaka ikanywa yote. Kesho yake, saa sita, nikamletea. Nikamwambia imeota yenyewe kwangu, huenda ndege alibeba mbegu ya Lusia.

Akapasua. Akatia chumvi. Akatafuna. Jicho la kulia likafumba! Wapwa zangu, moyo wangu ulipiga kama ngoma. Nikaanza kujipongeza. Akameza, akafumbua jicho.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Ndimu hii ni ya mti wa Mwanahija."

Hata mti aliujua.

Msimu huu akakwangua, na ukuta ukawa umebaki na doa moja tu, lile la juu kabisa karibu na pau, ambalo alisema hataligusa kwa sababu yoyote. Mbegu alizokwangua zilikuwa zimezeeka. Zikamwagiwa maji asubuhi na jioni, zikagoma. Ukachomoza mche mmoja. Mmoja! Aliuezekea vizuri kuliko yote, ukakua mrefu, mwembamba, umekondeana kama mtu anayechungulia dirishani, ukazaa matunda matatu. La kwanza alilivundika, akalionja: siyo hiyo. La pili likawa tengani, tayari limeiva. La tatu lilikuwa bado bichi kwenye mche. Na hapo ndipo mpwa wangu Angela alipokuja likizo.

Angela ni binti yao pekee. Anafanya kazi Morogoro, mahali wanaposaga matunda na kupima kilichomo ndani yake. Kuhesabu nilimfundisha mimi, kwa korosho. Yeye husema hakuwahi kufika kumi kwa sababu mwalimu alikuwa anazila.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Huko Morogoro mnapima chakula badala ya kukila?"

Akacheka, akazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta baba yake. Nikamfuata. Nilipofika, alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya nyanya, mkoba ungali begani.

"Baba, hii ni nini?"

"Kivuli."

"Cha nini?"

Nikamsaidia shemeji kueleza, maana yeye angemaliza siku nzima: nyanya ya mama yako, jua, mwali, ngozi, tenga, siyo hiyo, ukuta. Angela alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda jikoni, akasimama mbele ya lile doa moja lililobaki. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kazi.

"Mjomba, nenda duka la dawa Nangurukuru, niletee iodini ya vidonda. Baba, nikunie muhogo."

Muhogo ulikunwa, ukakamuliwa, maji yake meupe yakatulia. Akayatia kwenye glasi za chai, akadondoshea iodini, na maji yale yakageuka rangi ya kaniki mpya, bluu inayokaribia weusi. Mimi nikarudi nyuma hatua kidogo. Si kwa woga, ni ili nione vizuri. Mwanahija alileta nyanya nyekundu kutoka jalalani kwake, moja ya zile zinazoota bila kuombwa na kupigwa jua kutwa. Angela akaikamua, akachuja kwa kitambaa, akadondosha maji yake taratibu kwenye glasi ya kwanza. Mara ile kaniki ikaanza kufifia, ikapauka, ikatoweka. Maji yakawa kama hayajawahi kuona iodini.

"Uchawi," nikasema.

"Vitamini C, mjomba. Inaifuta ile rangi. Ikiwa nyingi, inafuta upesi."

Kisha akakamua ile ya tengani, ya chini ya kitanda. Akadondosha. Kaniki ikakaa. Akadondosha tena. Kaniki ikakaa tu. Tulisimama mpaka miguu ikatuuma, na nyanya ilikuwa inakwisha, ndipo rangi ikaanza kulegea kwa shingo upande.

"Kila aina ya nyanya ina kiwango chake," Angela akasema, "kwa hiyo msiziweke hizi mbili kwenye mizani moja. Lakini baba, umeona."

Nikodemu alikuwa ameona. Aliuliza swali lake polepole.

"Hiyo vitamini inatoka wapi? Ardhini?"

"Hapana. Tunda linaitengeneza lenyewe, humo humo ndani, kwa sukari linayoletewa na majani. Na mwanga ndio unaoliamuru litengeneze kiasi gani. Jua kali linaumiza mimea, baba, hata wao linawaunguza. Ile vitamini ni kinga yao. Ndiyo kivuli chao wanachojiezekea wenyewe kwa ndani." Akaonyesha kwa kidole ile nyumba ya nyanya. "Wewe ukimwezekea, yeye haoni sababu ya kujiezekea."

Shemeji yangu alikaa chini juu ya kinu.

Angela akachuchumaa mbele yake. "Na kuna jingine. Nyanya inapoiva, kuta zake za ndani zinalegea, si ndiyo maana inakuwa laini? Kile kinacholegea hakitupwi chote. Sehemu yake inageuzwa kuwa vitamini C tena. Ndiyo maana ikiivia kwenye mche, ikiwa bado inaletewa chakula na bado inaona jua, inaongezeka. Ukiichuma mapema, wekundu utakuja, lakini umeikata ikiwa katikati ya kazi."

"Na vitamini iliyokwisha kutumika?" akauliza Nikodemu.

"Ikitumika inachakaa, halafu tunda linaitengeneza upya, linairudisha kazini."

"Kama mimi na makuti," akasema Nikodemu. "Nikiezua paa la zamani, kuti lililo zima naligeuza, nalirudisha."

"Hivyo hivyo, baba. Ila tunda likiiva kupita kiasi, hata ile kazi ya kugeuza inalegea. Vitamini inashuka. Kwa hiyo usiwahi na usichelewe."

"Kama mama yako."

"Kama mama."

Mimi nilitaka kuongeza kwamba yote hayo nilikuwa nayajua, lakini nilipomwangalia shemeji nikaona si wakati wake. Alikuwa anaiangalia ile nyumba aliyoijenga.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nazinyima."

"Ulikuwa unazilinda."

"Nimezinyima, mama." Huwa anamwita binti yake mama. "Mbegu haikuharibika. Niliyeharibu ni mimi. Nimemaliza ukuta wa mama yako kwa sababu ya paa langu."

Mwanahija, ambaye hujibu hata yasiyomhusu, akainama kuokota maganda ya muhogo.

"Baba," Angela akasema baadaye, "nisikudanganye. Vitamini C si ladha yote. Ule ukali wa nyanya unatoka kwenye asidi nyingine, na sukari, na harufu. Jua na subira vitasaidia. Lakini kwamba itakuwa ile ya mama, siwezi kukuahidi."

"Sijakuomba uniahidi."

Likabaki lile tunda la tatu, bichi, kwenye mche wa mwisho. Wapwa zangu, mnaelewa jambo lilivyokuwa? Tunda lile lingekuwa "siyo hiyo", shemeji yangu angemwaga mbegu zake kama alivyomwaga nyingine zote, namjua, na nyanya ya dada yangu ingekuwa imekwisha duniani. Lingebaki doa moja ukutani ambalo haruhusiwi mtu kuligusa, na ambalo huenda halina uhai.

Angela akasema paa lisitolewe mara moja. Tunda lililolelewa kivulini likitupwa juani litaungua. Kwa hiyo Nikodemu akaanza kuezua kuti moja moja. Asubuhi upande wa mashariki, siku nyingine wa magharibi. Mtu aliyeezeka maisha yake yote! Alikuwa analishika kila kuti kama anamvua mgonjwa nguo. Mwanahija na wenzake wakasimama njiani. Lilipotoka la mwisho, yule mama akapiga kigelegele kirefu.

"Mwali katoka! Fundi, tutunze basi!"

Nikodemu akainua kofia yake ya ukindu, akaitupa kwao. Tangu siku hiyo amekaa kichwa wazi.

Angela alirudi kazini kabla tunda halijaiva. Akawa anapiga simu, na kwa kuwa shemeji hazungumzi kwenye simu, anaiangalia tu, nilikuwa naweka sauti kubwa.

"Baba, imebadilika rangi?"

"Imebadilika."

"Umeichuma?"

"Nilitaka. Mjomba wako amenipiga mkono."

Kweli nilimpiga. Mazoea ya mtu ni mabaya. Alipoona wekundu kidogo kitakoni mwa tunda, vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Tukakaa zamu. Aliketi yeye upande huu wa mche, mimi upande ule, juani, wazee wawili tunaolinda nyanya moja. Alikuja tumbili, nikamfukuza. Sisemi ukubwa wake kwa sababu ya lile sharti. Nyanya ikawa ya rangi ya chungwa, ikawa nyekundu upande mmoja, ikazunguka. Mara moja tu shemeji alisema, bila kunitazama: "Alikuwa anasimama hapo ulipokaa." Nikasogea.

Leo mchana rimu imegongwa. Nikodemu ameinuka, ameweka kiganja chini ya tunda, nalo limemwachia. Halikuvutwa. Lilikuwa na moto. Amelipasua kwa kidole gumba juu ya kifuu ili mbegu zisipotee, akazikamua humo, akaweka kifuu pembeni, karibu na mguu wake. Nilikiangalia kifuu kile kuliko nyanya yenyewe. Kilikuwa karibu mno na mguu. Akatia chumvi. Nusu akanipa mimi, ambayo miaka yote hakuwahi kunipa kabla hajaonja yake.

Yangu nimeila upesi, kama kawaida yangu, na taya langu likajikunja. Hilo naliapa. Nikageuka kumwangalia yeye. Alikuwa anatafuna taratibu, uso ameuelekeza nyuma ya bafu. Jicho la kulia likaanza kutetemeka. Likafumba! Likafumba, wapwa zangu, na la kushoto nalo likafumba, machozi yakamtoka yakalowesha mche mpaka mizizini, akaruka juu kuliko paa la kigango, akapiga ukelele uliosikika Somanga na kuwashtua wavuvi kule Songo Songo, akasema, "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo yenyewe, shemeji, Lusia amerudi, na tangu leo hii sitamani tena kitu cho—"

"Mikaeli."

Amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Vidole vyake vina majivu na maji.

"Shemeji, karibu ukae, nilikuwa namalizia tu kuandi—"

"Sikuruka. Na sikusema hivyo."

"Ulisemaje basi?"

"Nilisema inakaribia." Amefikiri kwanza, kama kawaida yake. "Andika hivyo: inakaribia. Kisha njoo jikoni. Nimeshaanza kupaka ukutani, na wewe ni kaka yake, nimekuachia sehemu ya kuweka kidole chako."